Herufi na Ulimi: Historia ya Kufundisha Kusoma katika Nyanza Kusini

Eneo ambalo leo ni kaunti za Migori na Homa Bay lilijulikana kwa miaka mingi kwa jina la Nyanza Kusini. Mafundisho ya kusoma katika sehemu hiyo yanahusiana sana na mwaka 1906, Arthur Carscallen, mmisionari Mwadventista kutoka Kanada, alipofika Gendia karibu na Kendu Bay, akifuatana na Peter Nyambo wa Nyasaland (Malawi ya leo). Siku hizo kusoma hakukutenganishwa na dini. Wajaluo walilichukua neno lenyewe kutoka Kiswahili wakasema somo, na walioifuata dini mpya wakaitwa josomo, yaani watu wa kusoma. Mwaka 1913 mtambo wa kupiga chapa ulianzishwa papo hapo Gendia, na maandishi ya Dholuo yakaanza kuenea.

Maandishi hayo yalikuwa na kasoro ambayo haijatoweka hata sasa. Kwa hesabu ya wanaisimu wengi Dholuo ina irabu tisa, ilhali inaandikwa kwa herufi tano tu za irabu, wala toni hazitiwi alama. Neno kendo laweza kuwa mahali pa kupikia, au ndoa, au "tena". Dhok ni kinywa na pia ni ng'ombe wengi. Msomaji mzoefu huongozwa na muktadha. Anayeanza, ambaye bado anaziunganisha herufi moja moja, muktadha huo hana. Hana budi kubahatisha, na akikosea huambiwa kwamba hajui kusoma. Tena njia ya silabi, ile ya ba, be, bi, bo, bu, huwafaa wanaojifunza Kiswahili kwa sababu silabi zake aghalabu huishia kwa irabu. Katika lugha yenye maneno kama wich (kichwa) na dhok yenyewe, mtoto aliyekariri jedwali lote la silabi hubaki na konsonanti moja mkononi asijue aiweke wapi.

Badala ya kasoro hiyo kuchunguzwa, mjadala ulielekea kwenye uchaguzi wa lugha. Mwaka 1957 Mbinu Mpya ya Elimu ya Msingi ilianzishwa Nairobi, Kiingereza kikawa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Tume ya Ominde ya 1964 iliunga mkono mwelekeo huo, ikaziachia lugha za mama kipindi cha hadithi kila siku: hadithi za kusikilizwa, si za kusomwa. Kamati ya Gachathi ya 1976 iligeuza mambo, ikapendekeza lugha ya eneo la shule itumike katika madarasa matatu ya mwanzo. Ndipo Taasisi ya Elimu ya Kenya ikatoa vitabu vya Tujifunze Kusoma Kikwetu, mfululizo ambao jina lake, kwa kinaya kidogo, ni la Kiswahili.

Lakini "kikwetu" cha nani? Visiwani Rusinga na Mfangano, na huko Gwassi, wazee walizungumza Kisuba, lugha ya Kibantu. Biashara na ndoa zilikuwa zimekwisha kuwavuta Wasuba kuelekea Dholuo. Kanisa na shule vikauharakisha mwendo huo, kwa kuwa kitabu kilichoitwa cha lugha ya mama kilikuwa cha Dholuo. Franz Rottland na Duncan Okoth Okombo walionyesha kwamba watu waliendelea kujitambua, tena kwa nguvu zaidi, kuwa Wasuba huku umilisi wao wa lugha ukipungua. Lawama yote isitwikwe shule. Hata hivyo, mtoto wa Mfangano aliyekuja na Kisuba alijifunza herufi na lugha kwa pamoja, na mwalimu aliona mwendo wake wa polepole tu.

Mradi wa Tusome, ulioenezwa nchini tangu 2015 kwa msaada wa Marekani, ulirudia Kiingereza na Kiswahili. Faida yake haikuwa ndogo: vitabu viliwafikia watoto, na walimu walifundishwa kuanza na sauti ya herufi badala ya jina lake. Kipimo kilikuwa idadi ya maneno yanayosomwa sawasawa kwa dakika moja. Dholuo haina sauti sh, z wala v. Mtoto wa Karungu au Mbita anayeona "shamba" akatamka "samba" amekwisha kulitambua neno. Kilichomshinda ni sauti ambayo ulimi wake haujaizoea. Msikilizaji asiyeijua Dholuo aweza kumwandikia kosa la kusoma, na dakika ikaendelea kuhesabiwa.