Nani Atabeba Machela? Undugu na Uzee nchini Rwanda

Kabla magari ya wagonjwa hayajafika katika vilima vya Rwanda, mgonjwa asiyeweza kutembea alibebwa kwa ingobyi. Hii ni machela yenye miti miwili mirefu. Watu wanne waliiweka mabegani, na wengine walifuata nyuma ili kupokezana, kwa sababu kilima ni kilima na hospitali mara nyingi ilikuwa upande wa pili wa bonde. Neno hilohilo hutumika pia kwa mbeleko ya mtoto mchanga. Kwa hiyo katika Kinyarwanda mtu alianza maisha ndani ya ingobyi, na pengine aliyamaliza ndani ya ingobyi, na nyakati zote mbili alikuwa juu ya mwili wa mtu mwingine. Watu wa kilima kimoja waliunda chama cha kubebana. Aliyekataa kuwabeba wenzake alijua vizuri kitakachompata siku atakapougua yeye.

Nimeanza na machela kwa sababu swali la insha hii ni la namna hiyo: je, mtu mwenye watu huishi muda mrefu kuliko asiye na watu? Wazee wetu wangetucheka kwa kuuliza. Wataalamu wa afya, lakini, walihitaji hesabu. Huko California, katika wilaya ya Alameda, watu karibu 7,000 walihojiwa mwaka 1965 kuhusu ndoa, ndugu, marafiki na vyama vyao, kisha wakafuatiliwa kwa miaka tisa. Mwaka 1979 Lisa Berkman na Leonard Syme walichapisha matokeo: waliokuwa na mahusiano machache walikufa zaidi ya mara mbili ya wenye mahusiano mengi, hata baada ya kuzingatia uvutaji wa sigara, unene na hali ya afya waliyoanza nayo. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya tafiti 148 zenye watu zaidi ya 300,000, na picha ikawa ileile. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa upweke unahusiana na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka.

Sizipingi hesabu hizo. Ila mwanafunzi wa historia anayeishi Kigali hawezi kuzisoma bila kusita. Watafiti wa Alameda waliuliza mtu ana jamaa na marafiki wangapi. Tujaribu kuuliza swali hilo katika kilima chochote cha Rwanda mwaka 1993. Watu walipeana ng'ombe, walibatiziana watoto, walioleana, walikunywa pombe ya ndizi kwa mrija mmoja. Kwa kipimo cha Alameda, kilima hicho kingepata alama za juu. Kuanzia Aprili hadi Julai 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, zaidi ya watu milioni moja waliuawa kwa siku 100, na wengi wao waliuawa na watu waliowajua kwa majina. Jirani ndiye aliyejua mlango wa nyuma uko wapi. Basi wingi wa mahusiano peke yake haukumlinda mtu.

Waliobaki walizeeka vipi? Kinyarwanda kina neno incike, maana yake mzazi aliyefiwa na watoto wake wote. Ni neno la zamani, lakini zamani lilimhusu mtu mmoja hapa na mwingine pale. Baada ya 1994 likawa kundi zima la watu. Tukumbuke kwamba katika nchi ambayo wazee wengi hawana pensheni, mtoto ndiye pensheni, ndiye mchota maji, ndiye anayekumbuka siku ya kwenda kliniki. Incike alipoteza vyote hivyo pamoja na wale aliowapenda. Hata jina lenyewe lilikuwa mzigo, na baadaye likabadilishwa: leo wanaitwa Intwaza, jina la kuwaheshimu kwa ujasiri wao. Wengine wanaweza kusema jina halijazi tumbo. Mimi naona kumwita mtu kila siku kwa jina la msiba wake ni kumfanya afe polepole.

Hatua ya kwanza haikutoka serikalini wala kwa wafadhili. Januari 1995, miezi michache tu baada ya mauaji kusimamishwa, wajane 50 walikutana hapa Kigali wakaanzisha AVEGA Agahozo. Agahozo hutokana na kumnyamazisha anayelia, kama mama anavyombembeleza mtoto. Walikutana kulia pamoja, lakini hawakuishia hapo. Walitafuta nyumba, dawa na wanasheria. Wengi walikuwa wamebakwa na kuambukizwa virusi vya UKIMWI, na wakati huo dawa za kufubaza virusi hazikuwa zikipatikana kwa mwanamke wa kawaida. Zilipoanza kupatikana katika miaka ya 2000, tatizo likawa jingine: dawa za kila siku zinahitaji chakula, nauli na mtu wa kukuuliza, "Leo umemeza?" Mjane aliyekuwa katika kikundi alikuwa na mtu wa kumuuliza. Nikisoma kwamba mahusiano hurefusha maisha, ndivyo ninavyoelewa.

Mwaka 1996, wanafunzi 12 wa Chuo Kikuu cha Taifa huko Butare walianzisha AERG, chama cha wanafunzi walionusurika. Waliunda familia: wanachama wachache walichagua mmoja wao awe baba na mwingine awe mama, na waliobaki wakawa watoto. Baba huyo pengine alikuwa na miaka 22. Mgeni anaweza kuona ni mchezo wa kitoto, lakini baba huyo alikwenda kuuliza kwa nini "mwanawe" amefeli mtihani, na siku ya harusi alisimama mahali pa mzazi kupokea mahari. Wala si jambo geni katika historia yetu. Wanyarwanda wa kale walikuwa na kunywana, agano la damu lililowafanya watu wawili wasiozaliwa pamoja kuwa ndugu wenye wajibu wa kusaidiana maisha yao yote. Undugu wa kutengenezwa ulikuwepo kabla. Vijana hawa waliutengeneza bila damu, na walikuwa na sababu nzuri ya kuikwepa.

Familia hizo ziliwakumbuka wazee pia. Mwaka jana nilifuatana na wenzangu kumtembelea mwanamke mzee katika wilaya ya Kicukiro. Tulichota maji, tukapaka nyumba chokaa, naye akatuita bana banjye, wanangu. Nilimuuliza, "Mukecuru, usiku ukiugua unafanyaje?" Akasema kila alfajiri jirani yake, mjane kama yeye, humgongea mlango. "Asipogonga, mimi ndiye ninayekwenda kumwangalia," akasema. Tulikuwa tumekuja kama wasaidizi, na kumbe usiku wake ulikuwa na mlinzi, na yeye mwenyewe ni mlinzi wa mwingine. Nadhani kuhitajiwa kunamsaidia zaidi kuliko chokaa yetu.

Kwa wale wasioweza tena kuishi peke yao, shirika la Unity Club lilisimamia ujenzi wa makao yanayoitwa Impinganzima, huko Huye, Bugesera, Nyanza na Rusizi. Humo Intwaza wana wauguzi, chakula na wenzao wa kuzungumza nao. Ni kazi kubwa. Hata hivyo kuna gharama isiyoandikwa kwenye bajeti, kwa sababu mzee anayehamia huko huacha kilima chake, na mara nyingi makaburi ya watu wake. Sijui ningechagua nini.

Na wale waliobaki kilimani, wakitazamana na jamaa za waliowaua wanao? Mwaka 2005 huko Byumba, kaskazini, dayosisi ya Anglikana ilianza vikundi vya watu 10 hadi 15 waliokaa pamoja mara moja kwa wiki kwa wiki 15. Walikuwemo walionusurika, wake za wafungwa na wengineo. Walizungumza kwanza kuhusu usalama, kisha kuaminiana, kisha kutunzana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba dalili za msongo wa mawazo zilipungua kwa waliohudhuria kuliko kwa wasiohudhuria, na nafuu hiyo bado ilionekana miezi minane baadaye. Hawa hawakuongezewa majirani. Majirani ni walewale. Kilichobadilika ni kwamba mtu aliweza kulala usiku.

Leo Mnyarwanda anatarajiwa kuishi karibu miaka 70, kwa sensa ya 2022. Kila mudugudu una wahudumu wa afya waliochaguliwa na majirani zao, bima ya afya ya jamii imeenea, na gari la wagonjwa lina jina refu kuliko lenyewe: imbangukiragutabara. Wakati huohuo Kigali inajenga kuta. Huku Biryogo, ambako Kiswahili kimesikika tangu enzi za ukoloni, nyumba bado zimebanana kiasi kwamba mzee akikohoa usiku, asubuhi nyumba tatu zinamuuliza hali. Katika mitaa mipya ya magorofa na mageti, kuna wazee walioletwa kutoka kijijini na watoto wao wanaofanya kazi kuanzia saa moja asubuhi hadi usiku. Wana runinga, wana dawa, wana mfanyakazi wa ndani anayebadilika kila baada ya miezi michache. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda, mwenye zaidi ya miaka 65 halazimiki kufanya kazi. Katika mudugudu wetu wazee kadhaa hutoka hata hivyo, bila jembe, wakakaa kivulini hadi mkutano wa mwisho, na katibu huwasoma majina kama sisi wengine.