Jicho la Mwalimu: Karne ya Kuchunguza Hukumu za Darasani

Uchunguzi wa namna walimu wanavyowahukumu wanafunzi ulianzia kwenye alama za mitihani. Mwaka 1912, Daniel Starch na Edward Elliott wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walinakili karatasi mbili za mtihani wa Kiingereza na kuzituma katika shule nyingi za sekondari ili zisahihishwe. Walimu 142 walizirudisha. Karatasi moja, ile ile, ilipewa alama kuanzia 50 hadi zaidi ya 90. Ingeweza kusemwa kwamba somo la lugha linategemea ladha ya msahihishaji, lakini mwaka uliofuata watafiti hao walituma karatasi ya jometri, na tofauti ikazidi: wengine walitoa chini ya 30, wengine zaidi ya 90. Hivyo ilidhihirika kwamba alama hueleza habari za msahihishaji kama inavyoeleza kazi ya mtahiniwa.

Mwaka 1920 mwanasaikolojia Edward Thorndike alibainisha chanzo kimojawapo cha upotofu huo. Alichunguza jinsi maofisa wa jeshi walivyowapima watu waliokuwa chini yao, akakuta kwamba aliyesifiwa kwa umbo alisifiwa pia kwa akili, uongozi na tabia, kupita kiasi ambacho sifa hizo zingeweza kuandamana kwa kweli. Sifa moja iliyompendeza mpimaji ilizipamba nyingine zote. Darasani jambo hili hujitokeza mwandiko mzuri, sare safi au adabu ya mtoto inapochukuliwa kuwa ushahidi wa akili yake.

Baada ya hapo likazuka swali zito zaidi: je, mtazamo wa mwalimu huweza kumbadilisha mwanafunzi mwenyewe? Mwaka 1963 Robert Rosenthal alichapisha matokeo ya jaribio la panya. Wanafunzi wake walioambiwa kwamba panya wao ni werevu walipata matokeo bora kuliko walioambiwa kwamba panya wao ni wazito, ingawa panya wote walikuwa wa aina moja. Lenore Jacobson, mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko South San Francisco, alisoma habari za utafiti huo akamwandikia. Kwa pamoja waliwapima watoto wa shule hiyo, kisha wakawaambia walimu kwamba baadhi yao, takribani asilimia 20, walikuwa karibu kuchanua kiakili. Majina ya watoto hao yalichaguliwa kwa bahati nasibu tu.

Mwishoni mwa mwaka, watoto waliotajwa katika darasa la kwanza na la pili walikuwa wameongeza alama za kipimo cha akili kuliko wenzao. Katika madarasa ya juu tofauti haikuwa ya kutegemewa. Matokeo yalitolewa mwaka 1968 katika kitabu kilichoitwa Pygmalion in the Classroom. Ndani yake kuna jambo la kuhuzunisha lililotajwa kwa nadra: baadhi ya watoto ambao hawakutajwa, nao wakapanda, hawakupongezwa na walimu wao. Hasa katika mikondo ya watoto waliohesabiwa kuwa wazito, kadiri walivyopanda ndivyo walivyopimwa vibaya zaidi kitabia. Maendeleo ambayo hayakutarajiwa yalionekana kama kosa.

Wakosoaji walijitokeza mapema, wakisema kwamba kipimo kilichotumika hakikuwafaa watoto wadogo. Mjadala huo uliwapeleka watafiti ndani ya madarasa kutazama yanayotendeka. Mwaka 1970 Jere Brophy na Thomas Good walionyesha kwamba walimu waliwapa nafasi ya pili wanafunzi waliowatumainia: walirudia swali, waliligeuza, walitoa dokezo. Aliyedharauliwa alipokosea, swali lilihamia kwa mwingine. Alipopatia, sifa zilikuwa chache. Mwaka huo huo Ray Rist alieleza habari za darasa la awali katika shule ya watoto weusi, ambako mwalimu aliwagawa watoto katika meza tatu siku ya nane ya masomo. Hakutumia mtihani wowote. Mavazi, usemi na hali ya familia vilitosha. Rist alipowafuatilia hadi darasa la pili, mgawanyo ule kwa sehemu kubwa ulikuwa bado umesimama.

Hali ya moyo ya mwalimu ilichunguzwa baadaye. Katika utafiti wa Marc Brackett na wenzake, uliochapishwa mwaka 2013, walimu walitakiwa kukumbuka mambo ya kufurahisha au ya kuudhi, kisha wakasahihisha insha ile ile. Waliokumbuka mema walitoa alama za juu zaidi, ilhali wengi waliamini kwamba hisia zao hazikuhusika. Imani hiyo ndiyo hatari, kwa kuwa mtu hajilindi dhidi ya asichokiona.

Mifumo ya mitihani ilijijengea kinga yake dhidi ya upotofu wa aina hii. Nchini Tanzania, ambako Baraza la Mitihani lilianzishwa mwaka 1973, mtahiniwa wa mtihani wa taifa hutambuliwa kwa namba, na karatasi husahihishwa kwa pamoja kwa kufuata mwongozo mmoja. Lakini Azimio la Musoma kuhusu elimu, la mwaka 1974, lilipinga kumpima kijana kwa mtihani wa mwisho pekee, likataka kazi zake za shuleni na mwenendo wake vihesabiwe. Dai hilo lilikuwa la haki, maana mtihani wa saa chache hauwezi kuonyesha bidii ya miaka. Hata hivyo liliongeza uzito wa hukumu ya mwalimu anayemjua mtoto kwa jina, kwa sura na kwa ukoo.

Kwa hiyo namba ya mtihani haitoshi. Kusahihisha swali moja kwa wote kabla ya kwenda linalofuata, kuficha majina hata katika majaribio ya kila wiki, kumwachia kila mtoto muda sawa wa kujibu, na kuahirisha usahihishaji siku ya hasira: hizo ni taratibu ndogo zilizo ndani ya uwezo wa mwalimu yeyote. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba kwa wastani athari ya matarajio ya mwalimu ni ndogo, lakini huwa kubwa zaidi kwa watoto wa jamii zinazodharauliwa. Hao ndio wanaohitaji zaidi taratibu hizo zifuatwe.