Malio ya Kiko: Umbo la Nje na Njia ya Moshi

Kiko ni chombo chenye sehemu chache: bakuli la tumbaku, mrija wa kupitisha moshi na ncha ya kutia mdomoni. Macho hukitofautisha kiko na kiko kwa umbo la nje, lakini raha au adha ya mvutaji huamuliwa na yaliyojificha ndani: upana wa tundu, mahali linapokutana na bakuli, unene wa ukuta, na njia ya majimaji yanayozaliwa na moshi. Katika Afrika Mashariki, kuanzia pwani hadi nyanda za juu za Uasin Gishu, vimepita viko vilivyoundwa kwa kufuata njia ya moshi na viko vilivyoundwa kwa kufuata macho.

Tumbaku ni mmea wa Amerika. Ilienea katika Bahari ya Hindi baada ya Wareno kufika pwani hii mwaka 1498, nao watu wa pwani wakaitengenezea chombo ambacho Kiswahili kimehifadhi jina la kila kiungo chake. Bori ni bakuli la udongo linalotiwa tumbaku na kaa la moto. Digali ni mrija unaoshuka kutoka kwenye bori hadi majini. Chombo chenye maji, ambacho ni kifuu cha nazi au kibuyu kidogo, ndicho kiko chenyewe. Shilamu ni mrija wa pili, unaopeleka moshi mdomoni. Baadaye jina la chombo cha maji likawa jina la kitu kizima, na hata vile visivyo na maji vikaitwa viko.

Mvutaji akivuta, moshi hupita ndani ya maji na kutoa mlio wa kububujika uitwao malio ya kiko. Mlio huo ulikuwa dalili njema: maji yametosha, digali imezama inavyopaswa, na moshi utafika mdomoni umepoa. Kifuu, udongo na mianzi havikuwa na umbo la kujivunia, lakini kila sehemu ilikuwa na kazi yake katika safari ya moshi.

Bara mambo yalikuwa tofauti. Nyanda za juu za Uasin Gishu zimo katika nchi ya Wakalenjin, ambako wazee wamezoea tumbaku zaidi kwa njia ya ugoro. Hata hivyo mmea uliokuja kuipa dunia kiko mashuhuri haukuwa mgeni huko. Ni mmumunye, unaozaa kibuyu. Kibuyu kikikaushwa na kusafishwa, ndani kikapakwa unga wa mkaa wa mti wa senetwet, huwa sotet, chombo cha kugandishia maziwa yaitwayo mursik. Kinapendwa kwa kuwa ni chepesi na kwa kuwa kina nafasi kubwa ndani ya ganda jembamba. Sifa hizo mbili ndizo zilizowavutia watengenezaji wa viko.

Mwaka 1908 msafara wa Makaburu ulioongozwa na Jansen van Rensburg ulitoka Afrika Kusini, ukafika Mombasa kwa meli, ukapanda treni hadi Nakuru, kisha ukakwea kwa magari ya ng'ombe hadi uwanda wa Uasin Gishu. Mji uliozuka huko ulijulikana kwanza kwa namba ya shamba, 64, ambayo wenyeji waliitamka Sisibo, kabla ya kuitwa Eldoret mwaka 1912. Kwao Afrika Kusini, Makaburu walikuwa wavutaji wakubwa wa kiko, na tumbaku ya Magaliesberg ilikuwa na sifa. Kiko cha kibuyu kilikuwa maarufu huko, nao askari wa Uingereza walikizoea wakati wa vita vyao na Makaburu vya 1899 hadi 1902, kikavuka bahari hadi madukani London.

Utengenezaji wake ulianzia shambani. Kibuyu kilipokuwa kichanga mmeani, shingo yake ilipindwa kidogo kidogo ili ikue na mkunjo unaotakiwa. Kibuyu kikishakauka, upande wa shingo ulitiwa ncha ya kuvutia, na mdomo mpana ukatiwa kikombe cheupe cha sepioliti, jiwe laini jepesi ambalo Wajerumani waliliita povu la bahari. Chini ya kikombe ilibaki nafasi tupu. Moshi ulipofika hapo ulitanuka, ukapunguza joto, na unyevu ukabaki kwenye kuta kabla moshi haujaingia kwenye ncha. Ni kazi ileile ya kifuu cha pwani, ila hapa hapana maji. Mkunjo uliowapendeza wanunuzi haukuwa pambo tu, maana ulibeba chumba cha kupoza moshi. Gharama yake ni kwamba kiko hicho hakiingii mfukoni, ni rahisi kuvunjika, na huhitaji mkono wa kukishika wakati wote.

Ulaya, viko vya udongo vya mwisho wa karne ya 16 vilikuwa na bakuli dogo kwa kuwa tumbaku ilikuwa ghali. Bei iliposhuka, bakuli likakua, na mrija ukarefushwa ili moshi upoe njiani. Katika karne ya 18 na ya 19 mafundi wa Austria na Hungaria walichonga sepioliti ya Eskişehir, Uturuki, wakaifanya vichwa vya wafalme, farasi na makucha ya tai. Vilikuwa vya kupendeza kabatini, lakini michongo iliongeza uzito na kufanya ukuta uwe mnene hapa na mwembamba pale, na penye wembamba ndipo panapounguza vidole.

Katika miaka ya 1850, mji wa Saint-Claude nchini Ufaransa ulianza kuchonga viko kutokana na kifundo cha shina la mti uitwao Erica arborea, ambao humea pia katika milima ya Afrika Mashariki, ukiwamo Mlima Elgon. Kifundo hicho hukatwa vipande, huchemshwa, hukaushwa kwa miezi, kisha huchongwa. Mti wake hustahimili moto, na mistari yake hupendeza ukisuguliwa. Hapo ndipo pengo kati ya sura na raha lilipopanuka, kwa sababu wanunuzi walianza kulipia mistari.

Kiko chenye mistari mizuri kinaweza kuwa adha. Tundu likiingia kwenye bakuli juu ya kitako, tumbaku ya chini haiungui vizuri, hubaki mbichi na kulowa. Tundu likiwa jembamba kupita kiasi, mvutaji hulazimika kuvuta kwa nguvu, moto hukolea, ulimi huungua. Mrija ulionyooka hupitisha moshi bila kizuizi, ila ukiumwa kwa meno uzito wote wa bakuli huning'inia mbele ya taya. Mrija uliopinda hulileta bakuli karibu na kidevu na kupumzisha taya, lakini majimaji hukusanyika kwenye pindo. Hapo mlio wa kububujika husikika tena, na safari hii ni dalili ya kasoro.

Kampuni ya Peterson ya Dublin ilikabili kasoro hiyo kwa mfumo uliopata hataza mwaka 1890: kishimo ndani ya shingo ya kiko, ambamo majimaji hudondokea huku moshi ukiendelea juu. Kwa nje, kiko hicho ni kinene na kizito kidogo shingoni, na unene huo ndio unaohifadhi kishimo.

Afrika Mashariki nayo iliingia sokoni. Sepioliti inapatikana katika bonde la Amboseli, kwenye mpaka wa Kenya na Tanzania, na ilichimbwa Sinya, kaskazini mwa Arusha. Tanganyika Meerschaum Corporation ya Arusha iliitumia kutengeneza viko vilivyopigwa chapa ya tembo, na baadhi viliuzwa kwa jina la Kiko. Jiwe hilo ni zito na gumu kuliko la Uturuki, kwa hiyo halikufaa sana michongo ya kupendeza. Vingi vilikuwa vya umbo la kawaida, vingine vikavikwa ngozi nje. Lakini sepioliti hufyonza unyevu na haipitishi joto upesi, hivyo mvutaji alipata moshi mkavu kutoka kwenye kiko kisichovuta macho.

Raha hiyo ina mpaka wake. Maji, kibuyu na jiwe hupunguza joto la moshi, lakini haviondoi sumu yake. Saratani ya midomo, ulimi na koo humfikia mvutaji wa kiko, na shisha, ndugu wa karibu wa kiko cha pwani, haina usalama zaidi kwa sababu ya maji yake. Kenya ilitunga Sheria ya Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007, na Desemba 2017 serikali ikatangaza kupiga marufuku shisha. Fundi anaweza kuutengenezea moshi njia ya kupoa kabla haujafika ulimini, lakini hakuna umbo la kiko linaloweza kuuzuia kudhuru mapafu.