Diski au kupakua? Historia fupi ya gemu kati ya Embu na Meru

Juzi binamu yangu aliyeko Meru alinipigia simu na swali moja tu: anunue PlayStation 5 yenye mahali pa kuweka diski, au ile isiyo na mahali hapo? Amekuwa akiweka akiba kwa miezi kadhaa, na ile isiyo na diski ni nafuu. Zilipotoka Novemba 2020, bei zake Marekani zilikuwa dola 499 na dola 399. Dola 100 si pesa kidogo kwetu. Nilidhani nitamjibu kwa dakika mbili, tukaongea karibu saa nzima, kwa sababu jibu lake liko kwenye historia. Nikaona heri niiandike.

KASETI ZENYE GEMU 9999

Wengi wetu tulianza na kaseti. Nintendo ilitoa mashine yake ya Famicom huko Japani mwaka 1983, lakini iliyofika miji kama Embu, Chuka na Meru katika miaka ya 90 haikuwa hiyo. Zilikuwa nakala zake zilizotengenezwa Asia na kuuzwa kwa bei ya chini, zikiwa na kaseti za rangi ya manjano zilizoandikwa "gemu 9999 ndani ya 1". Ukiiwasha unakuta gemu chache tu, Contra na Mario zikiwemo, kisha zilezile zinajirudia kwa majina mengine hadi mwisho wa orodha.

Hata hivyo kaseti ile ilikuwa na sifa moja ambayo leo ni adimu: gemu yote ilikuwa ndani yake. Ndani kuna chipu za kumbukumbu zenye programu, na mashine inazisoma moja kwa moja. Hakuna akaunti wala intaneti. Ukimwazima jirani, anacheza. Ukiiuza, imeuzwa. Ikigoma, unaipuliza vumbi na kuirudisha. Adui pekee alikuwa umeme. Wakati wa ukame wa mwaka 2000 Kenya iligawa umeme kwa zamu, na watu wa Embu wakakaa gizani ingawa mabwawa ya Mto Tana, kama Kindaruma na Kamburu, yako karibu nao.

DISKI NA CHIPU

PlayStation ya kwanza ilitoka Japani Desemba 1994, na PlayStation 2 ikafuata Machi 2000. Hizi zilibadilisha mambo mawili. Kwanza, gemu ikahamia kwenye CD yenye nafasi ya megabaiti 700 hivi, na baadaye kwenye DVD ya gigabaiti 4.7. Pili, kila mwenye kompyuta yenye uwezo wa kuandika CD sasa angeweza kutengeneza nakala kwa bei ya diski tupu.

Sony walijua hilo. Diski halisi za PlayStation zilikuwa na alama maalumu karibu na katikati, ambayo kifaa cha kawaida cha kuandikia CD hakiwezi kuinakili. Mashine inaitafuta alama hiyo kabla ya kukubali kufunguka. Mafundi wakaja na dawa yao: chipu ndogo inayochomelewa ndani ya mashine, kazi yake ni kuiambia mashine kwamba alama imeonekana hata kama haipo. Hiyo ndiyo maana ya "PS iliyotiwa chipu", maneno ambayo kila mtoto wa mjini aliyajua bila kujua chipu yenyewe inafanya nini.

Hapo ndipo vibanda vya PS vilipostawi. Chumba kimoja, televisheni mbili tatu, benchi la mbao, na mechi moja kwa shilingi 10 au 20. Winning Eleven na FIFA ndizo zilizolipa kodi ya kibanda, kisha GTA San Andreas ilipotoka Oktoba 2004 ikaongeza foleni. Diski nyingi zilizochezwa pale zilikuwa nakala zilizonunuliwa Nairobi.

Mimi naishi kwa kuandika programu, kwa hiyo siwezi kuzitetea nakala hizo. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 ilizikataza, na waliotengeneza gemu hawakupata hata senti. Lakini Mgala muue na haki mpe. Hakukuwa na duka halali la gemu kule, na gemu mpya iliyouzwa dola 50 Marekani ilikuwa mshahara wa wiki kadhaa kwa watu wengi. Nakala ile ndiyo iliyowafundisha vijana wengi kwamba kompyuta si ya kuchapia barua tu.

KASI YA MATATU

Sasa tufanye hesabu. Kwa nini watu hawakupakua tu?

Hadi mwaka 2004 Telkom Kenya ilikuwa na ukiritimba wa njia kuu ya intaneti kwenda nje ya nchi, na hata baada ya hapo data yetu ilipitia satelaiti. Ukiwa na modemu ya simu ya kilobiti 56 kwa sekunde, CD moja ya megabaiti 700 ingekuchukua karibu saa 28 bila kukatika hata mara moja, nawe unalipia simu kwa dakika. DVD moja kamili ingechukua zaidi ya siku 7. Hata saiba iliyokuwa na kilobiti 256 kwa sekunde, kama ingewafukuza wateja wote na kukuachia wewe peke yako, ingehitaji karibu saa 41 kwa DVD hiyo.

Upande wa pili weka matatu. Inatoka Nairobi asubuhi, inapita Embu na Chuka, inafika Meru baada ya saa 5 hivi. Chini ya kiti kuna katoni yenye DVD 100. Hizo ni gigabaiti 470. Ukizigawanya kwa sekunde za safari unapata zaidi ya megabiti 200 kwa sekunde! Wataalamu wa mitandao wana mzaha wa zamani kuhusu gari lililojaa kanda za data linalokimbia barabarani. Kwetu haukuwa mzaha. Kwa miaka mingi, mtandao wa kasi kuliko yote kati ya Nairobi na Meru ulikuwa na dereva na kondakta.

Wakati huohuo, wenzetu ng'ambo walikuwa wameanza safari nyingine. Valve ilizindua Steam Septemba 2003, na Novemba 2004 ikatoa Half-Life 2, ambayo hata ukinunua diski yake dukani ilibidi uisajili Steam kwa intaneti kabla ya kucheza. Huo ndio mwaka ambao diski ilianza kugeuka. Zamani diski ilikuwa gemu yenyewe. Hapa ikawa njia tu ya kukufikishia mafaili, na ruhusa ya kucheza ikabaki kwenye seva ya mwenye gemu.

FLASHI, KISHA FAIBA

Kabla faiba haijatufikia, kulikuwa na hatua ya katikati ambayo vitabu vya historia ya gemu huisahau. Kuanzia mwaka 2008 kulikuwa na programu ya Free McBoot, inayokaa kwenye memori kadi ya PS2 na kuiruhusu mashine kufungua programu nyingine bila chipu. Ukiongeza programu ya kusoma gemu kutoka USB, huhitaji diski tena. Vibanda vikaanza kutumia flashi na diski ngumu za nje. Lenzi ya kusomea ikichoka, mashine bado inafanya kazi. Na maduka yaliyojaza watu muvi kwenye flashi yakajaza gemu pia.

Tafakari hilo kidogo. Gemu haiko tena kwenye diski, ni faili tupu. Lakini hujaipakua wewe. Mtu mmoja mwenye intaneti nzuri aliipakua, kisha ikasafiri mkononi hadi kwako. Je, hiyo ni ya dijitali au ya dukani? Ni vyote viwili. Ndiyo maana huwa nasita nikisikia watu wakisema dunia ilihama kutoka diski hadi kupakua kwa mstari ulionyooka. Kwetu haikuwa hivyo.

Kebo za faiba za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka 2009: TEAMS kutoka Fujairah, na SEACOM iliyoanza kazi Julai mwaka huo. Polepole faiba ikapanda kutoka pwani hadi miji ya bara. 3G ikaenea, na kuanzia Desemba 2014 Safaricom ikaanza 4G. Kupakua gigabaiti 5 hakukuwa tena ndoto.

Tatizo ni kwamba gemu nazo zilinenepa. Red Dead Redemption 2 ilipotoka Oktoba 2018 kwa PlayStation 4, ilihitaji diski mbili na karibu gigabaiti 100 za nafasi. Kwa laini ya megabiti 10 kwa sekunde hiyo ni saa 22. Na usidhani mwenye diski alipona, kwa maana marekebisho yanayotolewa baadaye huweza kufika makumi ya gigabaiti. Ukitegemea bando za simu, marekebisho hayo peke yake yanaweza kukugharimu kuliko chakula cha wiki.

KULIPA, NA KUMILIKI

Kizuizi kingine kilikuwa malipo. M-Pesa ilianza Machi 2007, lakini maduka ya gemu ya mtandaoni yalitaka kadi. Ilikuwa Juni 2022 ndipo Safaricom na Visa walipoleta kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay. Kwa dola 70, bei ya gemu nyingi kubwa mpya, na takriban shilingi 129 kwa dola kama ilivyokuwa mwaka 2025, unazungumzia zaidi ya shilingi 9,000 kwa gemu moja.

Hapa ndipo diski halisi ya PS4 na PS5 ilipopata thamani ambayo ile ya nakala haikuwahi kuwa nayo. Ukiimaliza gemu, unaiuza, au unabadilishana na mwenzako na kuongeza pesa kidogo. Diski moja inaweza kutoka Nairobi kama kifurushi kwenye matatu, ikachezwa Embu, ikahamia Nkubu, ikamalizikia Maua. Watu wanne wamecheza kwa bei ya mmoja, na ni halali kabisa. Gemu uliyoipakua haiwezi safari hiyo. Hukununua kitu, ulinunua leseni iliyofungwa kwenye akaunti yako. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2024, iliyoanza kutumika Januari 2025, inayoyataka maduka yaseme hivyo waziwazi.

Na leseni ina wenyewe. Mei 2024 Sony ilitaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti ya PlayStation. Gemu ikaondolewa sokoni Steam katika nchi na maeneo zaidi ya 170 ambako huduma hiyo haikuwepo rasmi, Kenya ikiwemo. Sony ilibadilisha nia kuhusu akaunti ndani ya siku chache, lakini somo lilibaki: duka la mtandaoni linaweza kukuuliza unatoka wapi. Nintendo nayo ilifunga mauzo ya duka la 3DS na Wii U Machi 2023.

Diski nayo si kinga ya kila kitu. Ubisoft ilizima seva za The Crew tarehe 31 Machi 2024, na hata wenye diski wakabaki na plastiki, kwa sababu gemu ile haikuweza kucheza bila seva. Na baadhi ya kadi za gemu za Switch 2, iliyotoka Juni 2025, hazina gemu ndani. Ni ufunguo tu, gemu unaipakua.

NILIMWAMBIA NINI

Nilimshauri anunue yenye mahali pa diski kama pesa inatosha. Si kwa sababu ya mapenzi ya zamani. Akibadilishana gemu mbili tatu atakuwa amerudisha tofauti ya bei, na Meru ina watu wa kutosha wa kubadilishana nao. Nilimwambia pia asome kasha kabla ya kulipa. Likisema intaneti inahitajika ili kucheza, ajue ananunua ufunguo. Na kwa gemu za kompyuta, aangalie GOG, duka lililoanza mwaka 2008 na linalouza gemu bila kufuli, ili aweke mafaili yake mwenyewe kwenye diski ngumu.

Akaniuliza, "Kwa hiyo ile kaseti ya manjano ya nyumbani bado ni yetu?"

Ndiyo, bado ni yetu. Iko kwenye sanduku kwa nyanya, na nina hakika ukiipuliza itawaka.