Pembe Iliyotangulia Tarumbeta: Karungu hadi Kendu Bay

Septemba 1914, mwanzoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walivuka mpaka, wakapita Karungu, bandari ndogo ya Ziwa Victoria iliyomo leo katika kaunti ya Migori, wakapanda hadi Kisii. Meli ya Waingereza iitwayo Winifred ilipojaribu kutia nanga Karungu ilikutana na mizinga ya Muansa, meli ya Kijerumani, ikageuka. Askari wengine wa King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza, walishukia Kendu Bay, upande wa Homa Bay, wakaenda Kisii kwa miguu. Tarehe 12 pakapiganwa.

Njia hiyo nimeifuata nikitafuta muziki. Majeshi yale yaliamrishwa kwa baragumu za shaba, katika nchi ambayo tayari ilikuwa na lugha yake ya kupuliza.

Wajaluo wana oporo, pembe inayopulizwa kwa tundu la ubavuni, na abu, tarumbeta ndefu ya kibuyu. Katika tero buru, mzee akishafariki, ng'ombe huswagwa na watu hutoka kwa kishindo kukifukuza kifo. Hapo pembe hulia, na umati huipokea kwa nyimbo, vigelegele na ngoma. Midomo ya mpulizaji ndiyo inayotetema, sawasawa na ya mpiga tromboni. Sauti za pembe ni chache, kwa hiyo uzito wote huwa katika pumzi: lini aivute, lini aikate, lini awaachie wengine.

Vita viliwabeba vijana wengi wa Nyanza kuwa wapagazi wa jeshi, walioitwa Kariakoo. Pwani tayari kulikuwa na beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi, nayo ikasambaa mbali pamoja na askari na wapagazi. Huku ziwani, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, gitaa ndilo lililotia mizizi. Mwanamuziki D.O. Misiani alitoka Shirati, ng'ambo ya mpaka, Tanzania, akawa nguzo ya benga, muziki wa gitaa wa Wajaluo. Naipenda benga kwa moyo wote, ila inaniuma kwamba shaba ilibaki zaidi kwenye gwaride.

Na bendi ya gwaride inaweza kubeba mengi. Mwaka 1877 Rimsky-Korsakov, aliyekuwa mkaguzi wa bendi za jeshi la wanamaji la Urusi, alitunga koncheto ya tromboni na bendi ya kijeshi: mpigaji mmoja mbele, bendi nzima ikimjibu. Johan de Meij wa Uholanzi alifanya hivyo tena katika miaka ya 1990.

Mtunzi wa Migori au Homa Bay hana haja ya kuanzia Urusi. Ampe mpiga tromboni zile sauti chache za oporo, asimwongezee nyingine mpaka bendi iingie. Ngoma zishike mwendo wa ng'ombe wanaoswagwa. Mkono wa tromboni unaovutwa na kurudishwa unaweza kuteleza kati ya noti mbili kama uta wa orutu, fidla ya Wajaluo. Klarineti ziachiwe vigelegele.