Kibindo, si Mtaji wa Kubashiri

Kamati moja ya istilahi, ambayo sitaitaja kwa kuwa wajumbe wake wanajijua, imetuletea "mtaji wa kubashiri". Hilo ndilo jina wanalotaka tuliite fungu la fedha ambalo mbetiji amelitenga kwa ajili ya mikeka yake, kando ya kodi ya nyumba na ada ya mtoto. Fungu ambalo vijana, kwa kukosa jina, huliita benkiroli. Ni heri ya vijana.

Mtaji ni neno la mfanyabiashara: fedha iliyotumwa ikalete faida. Wachezaji wa bao wana maana yao pia. Kwao mtaji ni zamu ya kula kete za mwenzio, na awamu nzima inayofuata namua huitwa hivyo. Mtu akiambiwa ana mtaji, basi keshaahidiwa kula kabla refa hajapuliza kipenga. Kubashiri nako ni ndugu wa bishara, ambayo katika Kiarabu ni habari njema. Ukiyaunganisha hayo mawili unapata fedha ya kulia habari njema. Kampuni za kubeti zingelipa pesa nzuri kwa tangazo la namna hiyo, na kamati imelitoa bure.

Wapo wanaopigia debe "bulungutu". Hawa angalau wamesoma kamusi, maana Kiingereza chenyewe kinataja noti zilizoviringishwa. Lakini bulungutu ni wingi unaoonekana. Mwenye shilingi 20,000 za kubetia hana bulungutu, ila benkiroli anayo. "Kitita" nacho magazeti yamekwisha kukigawa kwa washindi. Mwalimu mmoja hodari wa kukosoa wenzake bado anakitetea, na mimi namwachia.

Neno ninalolitetea ni kibindo. Ni lile kunjo la shuka au kikoi kiunoni ambamo mtu alifutika fedha zake za safari, zikawa mbali na zilizobaki sandukuni nyumbani. Lina ukubwa wowote, linamkaa mwenyewe mwilini, na likiwa tupu mtu hukunjua nguo akaona hakuna kitu. Waandishi wa michezo wanalo tayari: timu hutia kibindoni pointi tatu. Mpinzani atasema hapo ni mavuno, si akiba. Ndiyo, na ndiyo maana linafaa: kilichomo kibindoni ni chako, kilichotoka ni dau, na kati ya hayo mawili hakuna cha tatu. Dau nalo, tusisahau, ni jina la chombo cha baharini pia, na hakuna kamati iliyolalamika.

Pendekezo langu lilirudishwa na sentensi moja: neno hili ni la mavazi. Sawa. Na benki je? Ni neno la samani. Chimbuko lake ni meza ya wabadilishaji fedha wa Italia, *banco*, na ukichimba zaidi utakuta benki na benchi ni watoto wa tumbo moja. Wajumbe walioketi kwenye benchi kulikataa neno la nguo huku posho zao zikiingia benki wangepaswa kuliona hilo bila kusubiri nilieleze mimi.

Matumizi, kwa ufupi. Dau moja lisizidi sehemu 1 au 2 katika 100 za kibindo: chenye 100,000 kinatoa dau la 1,000 au 2,000, na mkeka ukichanika, dau linalofuata haliongezwi ili kufidia. Wapenda hesabu wana kanuni ya John L. Kelly wa Bell Labs, ya mwaka 1956: kwa odi ya 2.10 na timu unayoipa nafasi nusu kwa nusu, inaruhusu takriban asilimia 4.5 ya kibindo, na wengi waangalifu huikata nusu. Wauzaji wa mikeka "ya uhakika" hawakitaji kibindo kamwe, wala hawana haja, kwani chao hujazwa na wateja.

Kisarufi ni ki-vi: kibindo kimepungua, utunzaji wa kibindo. Ila wingi utumiwe kwa uangalifu. Mwenye akaunti katika kampuni tatu bado ana kibindo kimoja. Vibindo ni vya watu wawili au zaidi.