Aliyechoka na Waliochochewa

Mwaka juzi nilikaa siku chache Kwashemshi, Wilaya ya Korogwe, nikikusanya maneno ya kazi ya mkonge. Usiku mmoja, barazani kwa mzee aliyenikaribisha, mjukuu wake asomaye sekondari alitusimulia habari za Rosa Parks kama alivyoziona katika sinema: mama mshonaji, amechoka kwa kazi ya kutwa, alikataa kumpisha Mzungu kiti ndani ya basi, na Marekani nzima ikaamka. Mzee alisikiliza hata mwisho, kisha akauliza, "Na wenziwe walikuwa wapi?"

Swali hili yafaa tulishike. Parks alikamatwa mjini Montgomery tarehe 1 Desemba 1955. Alikuwa amekwisha kuwa katibu wa tawi la NAACP kwa miaka kadhaa, na miezi michache kabla alikwenda Tennessee, katika shule ya Highlander, kujifunza njia za kuondoa ubaguzi. Mwezi Machi mwaka ule ule msichana wa miaka 15, Claudette Colvin, alikuwa amekamatwa kwa kosa kama lile. Karatasi za kuwaomba watu wasusie mabasi zilipigwa chapa usiku kucha na Jo Ann Robinson na wenzake, maelfu kwa maelfu, na kule kususa kulidumu siku 381. Sinema na vitabu vingi vya watoto havina nafasi ya hayo yote. Vina neno moja tu, *alichoka*. Mwenyewe alikanusha katika kitabu chake cha mwaka 1992 kwamba ulikuwa uchovu wa mwili, wala kukanusha kwake hakukufaa kitu.

Kwetu lilitumika neno jingine. Zama za ukoloni, wafanyakazi walipogoma, watawala na wenye mashamba walipenda kusema kwamba *wamechochewa*. Tazama umbo la kitenzi hiki. Kuchochea ni kazi ya mwenye kijiti mbele ya moto. Kuni hazina shauri. Mwaka 1958 wafanyakazi wa shamba la Mazinde, wilaya hiyo hiyo ya Korogwe, waligoma kwa majuma mengi. Mwaka huo huo Nyerere alishtakiwa Dar es Salaam kwa maneno yaliyochapwa katika *Sauti ya TANU* juu ya mabwana shauri wawili, akatozwa faini. Kesi imesimuliwa mara nyingi. Mgomo, mara chache. Simpunguzii Mwalimu sifa yake, ila nasema masimulizi yetu ya uhuru, kama yale ya Marekani, yamezoea kumtafuta mtu mmoja na siku moja, na wengine wote huwa kuni. Hata Bibi Titi Mohamed, aliyewaingiza wanawake wengi katika TANU, alikaa miaka mingi pembeni mwa vitabu.

Nirudi barazani. Mzee alisema, "Mazinde tuligoma." Nikashangaa, kwani alikuwa amenieleza kwamba hajapata kufanya kazi Mazinde, ujana wake wote aliumalizia Kwashemshi, kwanza akikata majani, kisha penye korona. Nikamwuliza kwa nini asema *tuligoma*, si *waligoma*. Akacheka. "Mkonge ni mmoja," akasema.

Nikaliandika neno lake katika kadi, chini ya *-goma*. Mjukuu naye akamgeukia. "Babu," akauliza, "mgomo gani huo?"